Kuanguka Kwanza

Wagonjwa wananiita Mama Simama, na msidhani ni kwa mapenzi. Ndilo neno ninalolipigia kelele kutwa nzima katika wodi ya waliopooza: haya simama, nani kakwambia ukae, simama. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Asubuhi nahangaika na wagonjwa, mchana nawafundisha ndugu zao namna ya kuwatunza nyumbani, kwa sababu hospitali yetu ina sheria moja ambayo hata mimi mbishi sijawahi kuibishia: mgonjwa wa kiharusi haendi nyumbani mpaka kuwe na mtu wa kwao aliyefundishwa, akapimwa, akaonekana anaweza kumwinua bila kumuumiza. Wagonjwa wananiogopa kidogo. Ndugu zao wananiogopa zaidi, maana wagonjwa angalau nawaonea huruma.

Kinyozi hakuniogopa. Aliogopa kitu kingine kabisa, na kitu hicho kilinisumbua akili mpaka nilipokijua.

Alikuwa mzee mwembamba, viatu vimepigwa kiwi mpaka unajiona, na kila asubuhi alifika kabla ya saa za kuona wagonjwa akiwa na kimkoba chake cha kazi. Mlinzi alimruhusu kwa sababu naye alinyolewa bure. Akisubiri kumwona mkewe, Kinyozi alipita wodi ya wanaume akiwanyoa ndevu wasiojiweza. Siku moja nilimkuta anapitisha wembe kwenye koo la mzee ambaye hakuacha kukohoa, na hakumwachia hata mkwaruzo. Mkono umetulia tuli. Halafu mtu huyohuyo alikuja kwenye kitanda cha mkewe, nikamwambia ashike mkanda, ule mpana tunaomfunga mgonjwa kiunoni ili anayemwinua apate pa kushika, na mikono ikaanza kutetemeka hadi chuma cha mkanda kikawa kinalia.

"Mzee wangu," mkewe akamwambia, "unanishika mimi au unashika sufuria la moto?"

Mwanamke huyo alipooza upande wote wa kushoto. Mdomo ulikwenda pembeni kidogo, maneno yalitoka polepole, lakini makali yake hayakupungua hata chembe. Nilimpenda tangu siku aliponiambia nina sauti ya mnadani.

Basi tatizo lilikuwa hili. Watoto wao wako mbali, kila mmoja na maisha yake. Mtu wa kumtunza alikuwa mumewe, peke yake. Na mwanamke alikuwa na kaka yake mkubwa, mtu mwenye nafasi, anaishi safari ya kutwa nzima kutoka hapa. Kaka alipiga simu kwa Metroni, mkuu wetu wa wodi, akasema Ijumaa anakuja na gari. Kama huyo bwana atakuwa ameweza, sawa. Kama hajaweza, anaondoka na mdogo wake akamtunze kwake, ameshamtengea chumba, ameshamtafutia na msaidizi aliyesomea kazi hiyo. Mume atakuwa anakwenda kumtembelea. Metroni akakubali, kwa sababu vitanda havitoshi na yule mwanamke hakuwa tena mgonjwa wa kulazwa.

"Kaka yangu ananipenda, hilo silikatai," mwanamke aliniambia nikimchana nywele. "Lakini kwake nitakuwa mgonjwa mpaka nife. Kwangu nitakuwa mke wa mtu, niliyewahi kuugua. Mama Simama, mfundishe huyu mzee wangu. Mpige ukitaka."

Nikamwambia kupiga si kazi yangu, ila nimeshafikiria.

Mafunzo yenyewe tulifanyia kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mashuka. Wakati ule darasa lilikuwa na watu wanne tu. Kinyozi. Fundi Mageti, mchomeleaji mwenye mabega ya kuzibia mlango, aliyekuwa na baba yake wodini. Na mawifi wawili waliokuja kwa ajili ya mama mmoja, mmoja binti yake na mwingine mkwe wake, ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa kwamba mimi ni mkali.

Ratiba ilibandikwa ukutani na ilipangwa na wataalamu, kwa mantiki ya kitaalamu. Somo la kwanza ubongo. Tulikuwa na ubongo wa plastiki unaofunguka vipande vipande, hiki cha kuona, hiki cha kusema, na kila nilipoufungua Fundi Mageti alisinzia. Somo la pili, kiharusi hutokeaje. La tatu, hatari zote zinazoweza kumpata mgonjwa nyumbani: vidonda vya mgongo, kupaliwa na chakula, damu kuganda mguuni. Hapo usingizi uliwaisha wote, wakanitolea macho, na Wifi Mdogo, yule mkwe, akaanza kulia. Kisha kulisha, kisha kuogesha, kisha kumhamisha mtu kutoka kitandani kwenda kwenye kiti. Mwisho kabisa lilikuwepo somo linaloitwa "Mgonjwa akianguka." Hilo mara nyingi hatukulifikia. Muda uliisha, tukawapa kikaratasi chake mlangoni pamoja na dawa.

Jumatatu ya wiki ile ya kaka, tulikuwa tunajifunza kuhamisha. Fundi Mageti aliigiza mgonjwa, Kinyozi akawa mlezi. Nikamfunga Fundi mkanda, nikampanga Kinyozi: miguu yako hapa, goti lako lizuie goti lake bovu, shika karibu, haya, mwinue. Akamwinua, tena vizuri. Mimi nikaanza kufurahi. Fundi kwa utani wake akalegeza magoti, akajiachia, "Uwii, nakufa!"

Kinyozi alimwachia. Alimwachia hivihivi, akaruka nyuma mpaka ukutani, mikono juu, na Fundi akatua sakafuni kwa makalio mpaka rafu za mashuka zikacheza.

Mawifi walicheka hadi wakashikana, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuwaona wakishikana. Mimi nilipandisha mori. "Mzee! Umemwachia mtu! Mikono yote miwili! Huyu angekuwa mkeo je?"

Aliufungua mkanda kiunoni mwa Fundi, akauviringisha vizuri, akauweka mezani, akatoka. Nikamfuata koridoni na hasira zangu bado za moto.

Nilimkuta amekaa kwenye benchi nje ya maabara. Hakuinua macho.

"Siku ile," akasema, "alikuwa ameniita kutoka bafuni. Nilimkuta amejishikiza mlangoni anakwenda chini. Nilimshika mkono, huu hapa, nikavuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, mwalimu. Akaniponyoka, kichwa kikagonga sinki. Nikakaa pale chini nimemshika kiganja. Sikujua nimwinue, nisimwinue, nimgeuze, nimlaze vipi. Nilikaa tu mpaka jirani alipokuja."

Nikakaa kwenye benchi. Hasira ikanitoka, nikawa sina cha kushika badala yake.

"Mnanifundisha vizuri, sisemi hamfundishi," akaendelea. "Lakini kila somo lenu linaishia palepale. Kumwogesha, angalia asianguke. Kumlisha, mkalishe vizuri asianguke. Kumhamisha, angalia asianguke. Sawa. Na akianguka?"

"Hilo lipo, mzee. Lipo kwenye ratiba. Ni somo la mwisho."

"Basi kichwa changu mimi kiko kwenye somo la mwisho tangu nilipoingia humu. Hayo mengine nasikia sauti yako tu."

Nilimpigapiga begani nikamwambia arudi kesho, aje na suruali ya kuchafuka.

Jioni ile wakati nawanyoosha wagonjwa miguu, nilikuwa nawaza ratiba. Mtoto unaweza kumwambia hili la kwanza, hili la pili, akakuamini tu kwamba huko mbele kuna maana. Mtu mzima anakuja darasani na swali lake limemkaba kooni. Anakutazama, anatikisa kichwa, anaitika ndiyo mwalimu, na hakuna kinachopita mpaka lile swali litoke. Wifi Mdogo alililia somo la hatari, na mimi nikaendelea kwenye kulisha. Hata Fundi, nikakumbuka, siku ya kwanza aliniuliza, "Mwalimu, mzee wangu ni mzito, akinishinda nguvu je?" Nikamwambia tutafika huko. Jamani! Mtu amebeba mzigo kichwani, mimi namwambia subiri nikueleze kwanza shingo imeumbwaje.

Kesho yake nilifika mapema nikashusha magodoro manne sakafuni, nikausukuma ubongo wa plastiki juu ya kabati. Walipoingia nikawaambia, "Vueni viatu. Leo tunaanguka."

Walidhani natania. Nikamwita Fundi Mageti anishike mkanda, nikalegea. Akajaribu kunivuta juu, mishipa ya shingo ikamtoka. "Acha!" nikamwambia. "Usishindane. Mtu anayekwenda chini humwezi, hata wewe. Ukishindana naye mtakwenda wote, na kwa ubaya. Nivute karibu yako. Mguu mmoja nyuma. Sasa niache niteleze juu ya paja lako, polepole, kama unashusha gunia usilotaka lipasuke. Linda kichwa changu. Basi. Nimefika."

Nikawa nimekaa kwenye godoro, nawatazama kutoka chini. "Haya. Sasa mnafanya nini?"

Wakatazamana. "Tunakuinua haraka," akasema Wifi Mkubwa, yule binti.

"Haraka ya nini? Niko sakafuni. Sakafuni hakuna pa kuanguka tena. Sasa hivi ndipo mgonjwa wako yuko salama kuliko muda wote. Pumua. Niulize naumwa wapi. Nitazame kichwa, nitazame nyonga. Nikisema naumwa sana, usinisogeze, nipe mto, ita msaada. Nikisema siumwi, tunazungumza kidogo, halafu lete kiti."

Kinyozi alikuwa amesimama nyuma ya wote. "Rudia hapo," akasema.

"Wapi?"

"Hapo pa sakafuni."

Nikarudia. Akasogea mbele.

Siku ile tuliangushana mpaka tukachoka. Tulijifunza namna mgonjwa anavyogeuzwa upande wenye nguvu, anavyojiegemeza kwenye kiti akapiga magoti, anavyotanguliza mguu mzima akajisukuma, huku mwenzake anateleza kiti cha pili nyuma yake. Kinyozi alimshusha Fundi mara nyingi, kisha akaniomba nisimwambie nitalegea lini. Nikalegea katikati ya sentensi. Alinipokea, akanishusha, akanikalisha, akaniuliza, "Unaumwa wapi, mama?" kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya vitunguu. Nikatazama mikono yake. Imetulia tuli, ile ya wembe.

Ikaja zamu ya Fundi, na ndipo Metroni akafungua mlango. Alichokiona ni mimi chali kwenye godoro, Fundi Mageti kapiga magoti ananishika kichwa, na mawifi wawili wamerundikana kwenye kona, kila mmoja akidai mwenzake ndiye aliyemwangusha.

"Mama Simama. Hiki ni kitu gani?"

"Somo la kwanza, Metroni."

"Somo la kwanza ni ubongo."

"Ubongo umehamia mwisho."

Akaniita nje. Metroni si mtu mbaya, ila anapenda kitu kikae kilipowekwa. Akaniambia, kwa ile sauti yake ya chini inayotisha kuliko yangu ya juu, kwamba siku ndugu akimwangusha mgonjwa na kusema hospitali ndiyo iliyomfundisha, hilo litaangukia kichwani pa nani? Nikamwambia watu hawa wanawaangusha kwa sababu wanaogopa kuwaangusha. Akasema hayo ni maneno ya kwenye semina. Tukabishana mpaka muuguzi mmoja akafunga dirisha la wodi.

"Sikiliza," akamaliza. "Ijumaa asubuhi nitampima huyo mume mwenyewe. Siyo wewe, mimi. Akishindwa, mkewe anaondoka na kaka yake, na wewe unarudi kwenye ratiba iliyo ukutani, na sitaki kusikia habari hii tena."

"Na akiweza?"

"Aweze kwanza."

Nilirudi ndani. Ratiba ningeirudia, sawa, nimerudia mambo mengi maishani. Lakini yule mwanamke angepakiwa kwenye gari.

Siku zilizofuata tulipanda kutoka sakafuni kwenda juu. Walipokwisha kujua kushuka, tukajifunza kukaa. Walipojua kukaa, tukajifunza kusimama, na kutoka kwenye kiti tukafika kitandani. Yale ya kulisha na kuogesha yakaingia katikati bila kelele, na hatari zikaja moja moja, kila moja pamoja na dawa yake, hivyo hakuna aliyelia. Na sikilizeni vituko: Alhamisi, tukiwa tunapumzika, Wifi Mdogo akauliza kwa nini mama mkwe anacheka mahali pa kulia na kulia mahali pa kucheka. Fundi akasema hata baba yake. Nikawaambia jibu liko kichwani. Fundi akanyoosha mkono juu ya kabati, akaushusha ule ubongo wa plastiki mwenyewe, na mawifi wakagombania nani aufungue. Mtu aliyekuwa akisinzia akaniuliza maswali mpaka nikapitwa na chai.

Kinyozi sasa alikuwa anafanya mazoezi na mkewe mwenyewe kitandani. Siku ya kwanza mkewe alimtazama mikono, akanitazama mimi, hakusema kitu. Kwa mtu yule, kutosema kitu ilikuwa ni habari kubwa.

Ijumaa ikafika. Metroni alikuja na miwani yake puani, akasimama mwisho wa kitanda. Na kaka naye alikuwa amewahi. Mtu mzima, kavaa suti, koti limekaa sawasawa, ametoka safarini bila kulala vizuri. Alimbusu mdogo wake kwenye paji, akamsalimia Kinyozi kwa kichwa tu, akasimama karibu na dirisha mikono nyuma.

Mimi niliambiwa nikae mbali nisiongee. Nilikaa mbali. Niliuma kidole.

Kinyozi aliweka kiti cha magurudumu upande wa mkono mzima wa mkewe, akafunga breki. Akamkalisha ukingoni mwa kitanda, akasubiri kizunguzungu kipite. Akamfunga mkanda. Akaweka magoti yake yakilizuia lile goti la kushoto. "Uko tayari, mke wangu?" "Nimekuwa tayari tangu juzi, we mzee." Akahesabu, wakainuka pamoja, wakageuka taratibu kama watu wanaopishana kwenye mlango mwembamba, akamkalisha. Mkono uliopooza akauweka juu ya mto. Hapakuwa na kitu kilicholia.

Metroni akauliza, "Na kama hapo katikati goti lake lingekataa?"

"Ningemvuta kwangu nimshushe," akasema Kinyozi. "Chini kuna nafasi ya kutosha. Nimeshaitazama."

Metroni akavua miwani. Kwake hiyo ni kama mtu mwingine kupiga makofi. Lakini kabla hajasema neno, kaka akageuka kutoka dirishani.

"Amebahatisha," akasema. "Samahani, Metroni, lakini mimi huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Hapa mmemsimamia, kuna wauguzi, kuna kila kitu. Siku ile walipokuwa wawili tu alimwachia akapasuka kichwa. Mnataka nirudi nyumbani nikalale usingizi?"

"Kaka," mkewe Kinyozi akaanza.

"Hapana, niache niseme. Kwangu utatunzwa."

Metroni akanitazama, akawatazama wao. "Mimi sitoi mgonjwa katikati ya ugomvi," akasema. "Kubalianeni kwanza."

Nikajua tumekwisha. Mambo yakishafika hapo, mwenye sauti kubwa zaidi ndiye anayeshinda, na Kinyozi hakuwa na sauti. Kaka alikwisha kusogea kwenye kiti. "Njoo, mama," akamwambia mdogo wake kwa upole, "nikupeleke kwenye gari," akainama, akamshika makwapani, upande wa kushoto akaushika kwa nguvu ili auvute.

"Shemeji, mkono huo hauvutwi."

Kinyozi hakupaza sauti. Lakini alikuwa ameweka kiganja chake juu ya mkono wa shemeji yake, na hakikutetemeka, na kaka akaacha.

"Bega litatoka," Kinyozi akasema. "Halina misuli ya kulishika. Nilivuta mimi hivyohivyo siku ile. Shemeji, naomba nikuulize. Umempakia kwenye gari, mmefika, unamshusha. Akikuteleza pale mlangoni, unafanyaje?"

"Hatateleza."

"Akiteleza."

Kaka alimtazama mdogo wake, akalitazama lile bega alilokuwa ameshika, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mtu yule mkubwa alikuwa na hofu ileile. Safari nzima alikuwa ameendesha nayo kwenye gari.

"Sijui," akasema.

"Hata mimi sikujua. Vua koti, shemeji. Tunaanza na kuanguka."

Wallahi, alivua. Kwa nini alivua sijui, labda ni ile sauti ya bei ya vitunguu. Kinyozi akamfunga mkanda juu ya shati lake zuri, akamweka mbele yake, akamwambia alegee. Kaka akalegea kidogo tu, kwa aibu. "Legea kama mgonjwa, siyo kama bwana harusi," mdogo wake akamwambia. Akalegea kweli. Yule mzee mwembamba akamvuta kwake, akarudisha mguu nyuma, akamtelezesha mtu mzito kuliko yeye juu ya paja lake mpaka chini, kiganja kikiwa nyuma ya kichwa, akamkalisha kwenye sakafu ya wodi katikati ya vitanda. Wagonjwa waliojiweza walikuwa wameinua shingo.

Akapiga magoti kando yake. "Unaumwa wapi, shemeji?"

Kaka alikaa pale chini, tai imekwenda begani, anamtazama yule mzee usoni.

"Kwa hiyo siku ile hukuwa na namna," akasema.

"Sikuwa nayo," akasema Kinyozi. "Sasa ninayo."

Kaka akajifuta uso kwa mkono wa shati. Wifi Mkubwa, ambaye hata hakualikwa, alikuwa analia waziwazi mlangoni. Mimi sikulia, nilikuwa na mafua. Kisha kaka akamnyooshea mkono shemeji yake, na Kinyozi akakataa kumvuta kwa mkono, akamwambia ajigeuze, ajiegemeze kwenye kiti, apige magoti, atangulize mguu. Akafanya vyote, kimoja kimoja, kama mwanafunzi mzuri. Alipokaa akamwambia Metroni, "Gari liko nje. Nitawapeleka mimi, mama. Nyumbani kwao."

Metroni alikuwa ameshatoa kalamu. Alisaini akiwa amesimama, na akipita karibu yangu akaniambia bila kunitazama kwamba Jumatatu linakuja darasa jipya na magodoro manne hayatatosha. Furaha iliyonipanda hapo sikuweza kuificha, nilimkumbatia mbele ya watu, akakakamaa kama ubao.

"Basi twendeni," mke wa Kinyozi akasema kutoka kwenye kiti chake, "kabla mzee wangu hajaanza kuwaangusha na madaktari."

Nikaenda mwenyewe kumfungia begi lake.